Maputo ya Sherehe: Je, Ni Upotevu?



Siku hizi ni nadra kuona sherehe isiyo na maputo, hata huku kwetu Kinyangiri. Mtoto akibatizwa, maputo hutundikwa. Vijana wakipokea kipaimara, maputo. Binti akiagwa na jamaa zake kabla ya ndoa, maputo tena. Na shule zifanyapo mahafali ya darasa la saba, maneno ya pongezi huandikwa ukutani kwa maputo ya herufi, yakang'aa kama bati jipya juani. Zamani tulizoea mapulizo ya mpira, yale ambayo kesho yake huwa yamelegea kama kiriba kikuukuu. Haya ya sasa ni ya foili. Huuzwa yakiwa yamekunjwa bapa kama bahasha, nayo yakijazwa vizuri hukaa wiki kadhaa bila kunywea.

Na kila yatundikwapo, swali hufuata nyuma yake. Wazee hutikisa kichwa wakasema, "Fedha ya kununulia upepo! Huu si upotevu?" Vijana nao hujibu, "Babu, kwani kufurahi ni dhambi? Siku yenyewe ni moja tu." Tumeyasikia mabishano haya nje ya kanisa baada ya ibada, na katika vikao vya kamati za harusi, na mara nyingi kila upande huondoka na maneno yale yale uliokuja nayo. Kwa hiyo tumeona yafaa kulitazama jambo hili polepole, kwa maana ingawa puto ni kitu chepesi, swali lenyewe si jepesi. Ni swali la kale: Je, ni halali kutumia mali kwa jambo lisilodumu? Na kama ni halali, mpaka wake uko wapi?

KITU CHENYEWE

Sisi tulio walimu wastaafu tulifundishwa chuoni kwamba mtu asihukumu jambo asilolijua. Basi kwanza tukijue kitu chenyewe.

Puto la foili ni tabaka mbili za plastiki nyembamba sana, zilizopakwa aluminiamu iliyo nyembamba zaidi, kisha kingo zake zikaunganishwa kwa moto. Ile aluminiamu ndiyo ing'aayo, nayo pamoja na plastiki huzuia hewa isitoroke. Mpira wa kawaida hupitisha hewa kidogo kidogo, ndiyo maana pulizo la mpira hunywea upesi. Tena mpira huvutika, bali foili haivutiki. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: hupuliza wakidhani puto litaendelea kukua, kumbe limekwisha fika mwisho wake, na kwa pumzi moja zaidi likapasuka mshononi.

Kulijaza hakuhitaji gesi wala mashine. Kwenye mkia wa puto kuna tundu dogo, na ndani yake mna vipande viwili vya plastiki laini vilivyobanana kama midomo ya mtu aliyenyamaza. Mrija wa kunywea soda huingizwa taratibu mpaka uvipite vipande hivyo, kisha mtu hupuliza, au hutumia pampu ndogo ya mkono. Herufi na tarakimu zifunguliwe kwanza kona zake kwa vidole, zisije zikashikana. Mikunjo ya katikati ikiisha, na ile ya kandokando ya mshono ikabaki kidogo, acha hapo. Bonyeza kwa kidole: likibonyea kidogo, limetosha. Mrija ukitolewa, hewa iliyo ndani huvibana vile vipande, na puto hujifunga lenyewe. Sherehe ikiisha, mrija hurudishwa, hewa ikatolewa kwa kukandamiza polepole, puto likakunjwa na kuwekwa sandukuni mpaka siku nyingine. Na kama wapulizaji ni wengi, kila mmoja awe na mrija wake, maana mafua hayachagui siku ya furaha.

Tukumbuke pia kwamba hewa hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Puto lililojazwa sana katika baridi ya asubuhi ya mwezi wa Julai, kisha likatundikwa juani saa saba mchana, huweza kupasuka bila kuguswa. Na lile lililokaza mchana huonekana limelegea alfajiri, kumbe halina tundu lolote. Mwalimu wa sayansi aweza kufundisha kipindi kizima kwa puto hilo moja, na watoto wakaelewa kuliko kwa kuchora ubaoni.

KISICHODUMU

Sasa turudi kwenye shtaka la wazee. Wao husema kwamba jambo la siku moja ni upotevu. Lakini tukilikubali neno hili jinsi lilivyo, tutaharibu mambo mengi mema. Wali wa harusi unadumu muda gani? Maua ya madhabahuni hunyauka kabla ya Jumapili nyingine. Wimbo wa kwaya huisha pale pale unapoimbwa, na hatujasikia mtu akisema kwamba kwaya ni upotevu kwa sababu sauti haikubaki ukutani. Watoto wa wafugaji, kabla maduka hayajaleta mapulizo, walikichukua kibofu cha mnyama aliyechinjwa, wakakipuliza, wakakifunga, wakacheza nacho mpaka kikakauka. Kilikuwa cha mchana mmoja, wala hakuna mzee aliyewakemea.

Hata mapulizo ya mpira hayakuanza kama anasa. Mtaalamu wa sayansi wa Uingereza, Michael Faraday, aliyatengeneza huko London mwaka 1824 ili aweke gesi za majaribio yake. Kitu kilichoanza kwenye meza ya kazi kikaishia mikononi mwa watoto, na hatuoni kwamba kilishuka heshima kwa kufanya hivyo.

Tena yuko yule mwanamke tunayemsoma katika Injili, aliyemmiminia Bwana marhamu ya nardo. Thamani yake ilikadiriwa kuwa dinari 300, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi huo ulikuwa karibu ujira wa mwaka mzima, nao ukaisha kwa saa moja, ikabaki harufu tu. Aliyesimama akasema kwamba marhamu ile ingaliuzwa wapewe maskini, hakusifiwa. Kwa hiyo mtu anayepinga kila kitu cha furaha kwa jina la maskini, na ajihadhari asije akajikuta amekaa upande ule.

Lakini tusiishie hapo, kama wafanyavyo wengi wanaoitumia habari hii kutetea kila gharama. Tuangalie vizuri jinsi mambo yalivyokuwa. Marhamu yalikuwa yake mwenyewe. Hakukuwa na kamati iliyompangia kiwango. Hakukusanya michango ya jirani zake, wala hapakuwa na mtu aliyerudi nyumbani jioni ile akiwa na deni kwa ajili ya marhamu yale. Alitoa kilicho chake, akijua anatoa nini na anampa nani.

Basi, sisi twaona kwamba upotevu hauko katika ufupi wa jambo. Uko katika kutumia kisichoweza kurudi, na hasa kisipokuwa chako peke yako. Pumzi unayoipuliza katika puto hurudi unapovuta hewa tena. Chakula cha wageni hurudi mavuno yajayo, tena hurudi kwa wema wa wale uliowalisha. Usiku mliokesha mkipamba nyumba hurudi mkilala kesho yake. Yako mambo mengine hayarudi, na hayo ndiyo yanayotaka kutazamwa kwa macho makavu.

MCHANGO

Twamjua mama mmoja, ambaye jina lake na kijiji chake hatutavitaja. Mwanawe alikuwa anamaliza darasa la saba. Kamati ya wazazi ilikaa ikaamua kwamba mahafali ya mwaka ule yawe na maputo yanayoelea, kama waliyoyaona kwenye simu, na kwamba aitwe mpambaji kutoka mbali mwenye mtungi wa gesi. Gharama ikagawanywa sawasawa kwa kila mzazi. Mama yule alikuwa na gunia moja la alizeti aliloliweka akingoja bei ipande, kusudi mwezi wa Januari anunue sare, madaftari na godoro la mtoto wake wa kidato cha kwanza. Akaliuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa.

Siku ya mahafali maputo yalielea kweli, na neno HONGERA likaonekana toka barabarani. Januari mtoto alichelewa kuanza shule, kwa sababu sare haikuwako.

Tutafakari hapo. Hakuna aliyemwibia mama yule. Hakuna aliyemshikia fimbo. Hata wanakamati walikuwa watu wema waliotaka watoto wapewe heshima. Yeye aliona haya tu, maana orodha ya waliotoa na wasiotoa ilikuwa isomwe mbele ya watu. Na matokeo yake ni kwamba sherehe ya mtoto ilikula safari ya mtoto. Kumpongeza kwa kumaliza hatua moja kulimnyima kuianza hatua ya pili kwa wakati wake.

Kisichorudi hapa ni kipi? Si fedha tu. Fedha hutafutwa tena. Kisichorudi ni zile wiki za kwanza za shule, ambazo wenziwe walijifunza naye hayupo. Sisi tuliosimama mbele ya madarasa kwa miaka mingi twajua mtoto aliyechelewa kuanza huwa na macho ya namna gani anapoingia mlangoni wenzake wamekwisha kaa.

Wenye haraka watasema, "Basi, kosa ni la umaskini, si la maputo." Hapana. Kosa ni la kiwango kilichowekwa sawa kwa watu wasio sawa, kwa jambo ambalo lingeweza kufanywa kwa pumzi za wazazi wenyewe. Maputo yale yale ya herufi, yakipulizwa kwa mdomo na kutundikwa kwa uzi darini, yangesomeka neno lile lile. Tofauti ilikuwa ni kuelea tu. Na hapo ndipo tunapofika kwenye gesi yenyewe.

GESI YA MAWE YETU

Puto lililojazwa kwa pumzi haliwezi kupaa, kwa kuwa pumzi ya mtu si nyepesi ya kutosha kuliinua. Ili lipae, hujazwa gesi iitwayo heliamu, iliyo nyepesi kuliko hewa. Karibu na bahari, lita moja ya heliamu huinua kama gramu moja tu. Huku kwenye uwanda wetu wa juu, ambako hewa ni nyembamba, huinua pungufu ya hapo. Ndiyo maana zile herufi ndogo za inchi 16 hazielei hata zikijazwa heliamu, kwa sababu foili yake ni nzito kuliko nguvu ya gesi inayoingia humo. Anayelipa zijazwe gesi ametupa fedha yake bure kabisa.

Heliamu ilijulikana kwanza katika jua, mwaka 1868, wataalamu walipoichunguza nuru ya jua lilipopatwa. Jina lake latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya jua. Mwaka 1895 William Ramsay aliipata hapa duniani, katika jiwe lenye uranimu. Nayo huzaliwa hivi: ndani ya mawe ya kale mna chembe za uranimu na thoriamu, ambazo huoza polepole mno, na katika kuoza kwake hutoa heliamu kidogo kidogo, kwa mamilioni na mamilioni ya miaka.

Msomaji wa Singida hana haja ya kusafiri ili ayaone mawe ya namna hiyo. Mawe makubwa ya itale yaliyokaa juu ya mengine kuzunguka mji wa Singida, ambayo watoto hupenda kuyapanda, ni sehemu ya mwamba wa kale wa katikati ya Tanzania, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Joto la Bonde la Ufa huifukuza heliamu kutoka katika mwamba huo, ikapanda, mahali pengine ikatoka pamoja na maji ya chemchemi za moto. Wanajiolojia walikwisha pima gesi hiyo katika chemchemi za nchi yetu tangu miaka ya 1950. Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza makisio ya futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu ya bonde la Rukwa, wakasema zingetosha mashine za hospitali zaidi ya milioni moja. Mwaka 2024 kisima kilichochimbwa Itumbula, huko huko Rukwa, kilitoa heliamu mpaka juu ya ardhi. Leseni za utafutaji zimepata kutolewa pia kwa maeneo ya Balangida na ya Ziwa Eyasi, lililo kaskazini ya wilaya yetu ya Mkalama. Basi, tunapozungumza juu ya gesi hii, tunazungumza juu ya mali ya nyumbani.

Sasa, heliamu ina tabia moja ambayo maji na moshi havina. Maji yakipanda angani hurudi kuwa mvua. Moshi wa kuni hufyonzwa na miti. Heliamu ikiachiliwa hupanda mpaka ukingo wa hewa ya dunia, na kutoka huko hutoroka kwenda mbinguni kusiko na mwisho. Haishuki tena. Kilichotengenezwa na mawe kwa miaka isiyohesabika huondoka kwa alasiri moja, wala mvua haitakirudisha.

Na ina kazi ambayo ni vigumu kuipatia badala. Katika hospitali kubwa, kama Muhimbili ya Dar es Salaam na Benjamin Mkapa ya Dodoma, iko mashine ya MRI iwezayo kuona ndani ya kichwa na uti wa mgongo bila kisu. Mashine za namna hiyo kwa kawaida huwa na sumaku ambayo haifanyi kazi mpaka ipozwe kwa heliamu iliyo majimaji, yenye baridi ya kama nyuzi 269 chini ya sifuri. Mashine nyingi hubeba zaidi ya lita elfu moja ya majimaji hayo, ingawa siku hizi zimeanza kutengenezwa zinazotumia kidogo sana. Robert Richardson wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1996 kwa uchunguzi wake juu ya heliamu, alisema mwaka 2010 kwamba puto moja la gesi hii, kama lingeuzwa kwa thamani yake ya haki, lingepaswa kuwa na bei ya kama dola 100.

Yafaa tuseme kweli yote. Maputo si mlaji mkubwa kuliko wote wa heliamu, na mahafali ya kijiji kimoja hayataifilisi dunia. Lakini hoja ya uchache haitoshi. Kila mmoja akisema langu ni dogo, hakuna atakayebaki wa kuhesabiwa. Na yule atakayeihitaji gesi hii miaka 100 ijayo, mgonjwa wa kizazi cha wajukuu wa wajukuu zetu, hana kiti katika kamati. Hawezi kusimama akasema, "Mimi sikubali." Ndiyo maana twasema kwamba mali isiyorudi, hata ikiwa imetoka chini ya mawe yetu, si yetu peke yetu.

Tuongeze onyo moja kwa wazazi. Vijana hupenda kuvuta gesi ya puto ili sauti zao ziwe nyembamba kama za vifaranga, watu wacheke. Heliamu si sumu, lakini huchukua nafasi ya oksijeni kifuani, na mtu aweza kuzirai na hata kufa. Kuivuta moja kwa moja kutoka kwenye mtungi ni hatari zaidi, kwa kuwa nguvu yake huweza kupasua mapafu. Mtungi usiachwe penye watoto hata dakika moja.

WENYE KUPINGA

Kijana mmoja alituuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mtoto wa mjini apate puto linaloelea, na wa Kinyangiri apulize kwa mdomo?" Ni swali zuri, wala hatutalikwepa. Iko namna ya kuhubiri kiasi ambayo ni kumwambia maskini aendelee kuwa maskini. Sisi hatutaki kuwa wahubiri wa namna hiyo. Tulilosema juu ya heliamu linamhusu wa mjini kwanza kuliko wa kijijini, maana yeye ndiye anayeitumia zaidi.

Lakini kijana huyo twamwambia na jambo la pili. Aangalie kazi ya kujaza maputo inavyokwenda nyumbani usiku wa kuamkia sherehe. Shangazi anapuliza herufi ya kwanza, mjomba anashindwa na mkia wa ya pili, watoto wanagombania pampu, bibi aliyekaa kwenye mkeka anawacheka wote. Jambo hilo haliwezi kuletwa na mwenye mtungi, ambaye hufika, akafungua koki, akaondoka na fedha. Hatusemi kwamba wivu wa kutazama picha za simuni utaisha kwa maneno haya, kwa maana wivu hautibiwi kwa mashauri. Twasema tu kwamba anayepuliza hakupungukiwa na mwenziwe katika jambo lililo kiini cha sherehe.

Mwingine aliuliza kwa sauti ya chini: Je, mtoto mgonjwa, ambaye pengine hatapona, akitamani puto linaloelea juu ya kitanda chake, mngemnyima kwa ajili ya mawe ya Singida? Hapana, tusingemnyima. Tungelitafuta, na tungeliona jambo hilo kuwa karibu sana na yale marhamu. Kwa hiyo msomaji aelewe kwamba hatuandiki sheria. Kisichorudi chaweza kutolewa, ila kitolewe na mwenyewe, kwa sababu inayolingana nacho, si kwa kuwa kamati ya mwaka jana ilifanya hivyo.

LIWEZEKANALO

Tukomee kwenye mambo yawezekanayo. Neno HONGERA lina herufi saba, wala hakuna hata moja inayojirudia. Seti moja ya herufi hizo, pamoja na tarakimu kumi za kuandikia miaka, ikitunzwa vizuri katika sanduku la akina mama wa kanisa au katika ofisi ya shule, yaweza kutumika kwa ubatizo, kipaimara, harusi na mahafali. Atakayehitaji aazime, apulize na jamaa zake, kisha airudishe ikiwa imekunjwa. Lililopasuka mshono na lishonwe kwa gundi ya karatasi likiwezekana. Likishindikana, lisitupwe ovyo, maana foili haiozi, na ng'ombe na mbuzi hula chochote wanachokikuta njiani. Wala puto lolote lisiachiliwe lipeperuke. Aluminiamu hupitisha umeme, na puto moja likinasa kwenye nyaya laweza kuzima taa za kijiji kizima, au kumdhuru atakayejaribu kuling'oa.

Na kamati zikae upya juu ya michango. Kabla ya kutaja kiwango, mwenyekiti na aulize: Katika hiki tunachotaka kutumia, ni kipi hakitarudi, na ni cha nani? Kama ni pumzi zetu na usiku wetu, twende mbele kwa furaha. Kama ni gunia la mtu aliye kimya pale nyuma, tumsubiri kwanza azungumze. Na kama haya inamzuia kuzungumza, basi asiye na fedha na aruhusiwe kuleta pumzi zake, jina lake liandikwe kwenye orodha pamoja na wengine, wala orodha hiyo isisomwe kwa sauti.

Mahafali ya mwaka huu hayako mbali, na vikao vitaanza karibuni. Tungependa kusikia kamati zimeamuaje.